Kodi Yangu Ilipopata Tarehe Yake

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Kalamba, kaunti ya Makueni, na ni mpangaji. Nashuhudia kwamba siku hizi nikikutana na mwenye ploti njiani tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto, kisha kila mtu anaenda zake. Asiyewahi kudaiwa kodi hawezi kuuona uzito wa jambo hilo. Aliyewahi kudaiwa anaujua.

Kilichonitoa kwenye deni si mfadhili wala kazi mpya. Kodi yenyewe haikupunguzwa hata shilingi. Yaliyobadilika ni matatu: tarehe ya kulipa, faini ya kuchelewa, na namna malipo yanavyoandikwa. Watu huyaona kuwa mambo madogo. Mimi nimeishi pande zote mbili za mambo hayo matatu, na nasema ndiyo yanayoamua kama mpangaji atalala au atakesha.

Kwanza ieleweke jinsi pesa inavyotembea Kalamba. Huku tunaishi kwa misimu. Maembe huiva kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi kama mwezi wa tatu. Wakati huo kiwanda cha kaunti cha kusindika matunda, kilichojengwa hapa Kalamba enzi za gavana Kivutha Kibwana, kinanunua maembe, vijana wanapata vibarua, watu wa boda wanapata mizigo, na akina mama wa chapati wanauza mpaka unga unaisha. Maembe yakimalizika soko linapoa. Ndengu na mbaazi zinategemea mvua, na sisi wa Ukambani tegemeo letu kubwa ni ile mvua ya mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili. Ikikosa, mwaka wote unayumba. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule analipwa karo ikiingia. Mimi riziki yangu iko kwenye sare za shule: mwezi wa kwanza, kisha shule zinapofunguliwa muhula wa pili, kisha mwisho wa mwezi wa nane. Nje ya hapo ni kupunguza suruali, kubadilisha zipu, na gauni la harusi mara mojamoja. Hela ya zipu ni ya unga na mafuta, inaisha siku hiyohiyo.

Ploti yetu ina vyumba 14 vinavyotazamana, uwanja katikati na tangi moja la maji. Kodi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na sote tunamwita Mwalimu. Si mtu wa roho mbaya, na nataka hilo lijulikane mapema, maana habari ninayoieleza haihitaji mtu mbaya ili iumize.

Mwaka 2021 alibandika karatasi kwenye mlango wa stoo, imeandikwa kwa kalamu nene: kodi ilipwe kufikia tarehe 5, atakayechelewa atatozwa shilingi 100 kwa kila siku. Tuliisoma tukiwa na ndoo mikononi, hakuna aliyeuliza swali. Ploti ni yake, tukasema.

Sasa ifanyeni hesabu pamoja nami. Anayelipa tarehe 15 amechelewa siku kumi, kwa hivyo faini ni shilingi 1,000, yaani nusu ya kodi. Anayelipa tarehe 25 ana faini ya shilingi 2,000, yaani kodi ya mwezi mwingine ambao hakuuishi. Hesabu hiyo kila mtu anaiona. Isiyoonekana ni ile iliyokuwa ndani ya daftari.

Daftari la Mwalimu lilikuwa la kawaida la shule, kila mpangaji ana ukurasa wake. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni pesa iliyoletwa, ya tatu ni baki, na faini aliiandika pembeni kwa wino mwekundu. Nikimpelekea shilingi 2,000 tarehe 15, alitoa kwanza shilingi 1,000 za faini, na iliyosalia ndiyo iliyoandikwa kodi. Kwa hivyo jioni hiyo, baada ya kulipa kodi nzima, ukurasa wangu ulisema bado nadaiwa kodi ya shilingi 1,000. Kesho yake faini ikaendelea kuhesabiwa juu ya hilo baki. Mwezi uliofuata nilianza nikiwa nyuma kabla tarehe 5 haijafika. Kwa mtindo huo mtu anaweza kuleta pesa kamili ya kodi kila mwezi, mwaka mzima, na daftari likaendelea kumwita mdaiwa sugu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Nililipa, na deni halikupona, kwa sababu pesa yangu ilikuwa inalipa siku zilizopita badala ya kulipa nyumba.

Na miaka ile haikuwa na huruma. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilitupita misimu mitano mfululizo. Wazazi waliacha kununua sare mpya. Waliniletea za mtoto mkubwa nizipunguze zimtoshe mdogo. Nilikopa kwenye simu kulipa faini, kisha mkopo wa simu nao ukaanza kudai vyake. Siku moja nilirudi mchana nikakuta kufuli la pili mlangoni mwangu. Ndani kulikuwa na cherehani yangu ya akiba, vitambaa vya wateja vilivyokwisha kukatwa, na sketi sita zilizobaki kutiwa vifungo. Sketi zile ndizo zingelipa kodi. Nilisimama pale nikielewa kwamba nimefungiwa nje ya deni langu mwenyewe: natakiwa kulipa, na kile cha kulipia kimefungwa. Dada yangu alinikopesha, kufuli likafunguliwa, lakini wateja wawili walikuwa wamekwisha kupeleka vitambaa vyao kwa fundi mwingine.

Mwalimu naye hakuwa anafaidi. Kijana wa chumba cha mwisho alihama usiku, akaacha ufunguo kwenye kitasa na malimbikizo ya miezi kadhaa. Faini zake zote za wino mwekundu hazikuingia mfukoni mwa mtu. Chumba chenyewe kilikaa kitupu mpaka msimu wa maembe. Akahama mwingine, kisha mama mmoja mwenye watoto. Daftari lilikuwa linajaa pesa ambazo hazipo duniani.

Mlango wa kutokea nilioneshwa kwenye chama chetu cha akina mama, mwanzoni mwa 2024. Tunaye mwenzetu aliyepata mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua. Baada ya kuhesabu michango alituomba dakika chache atufundishe kuhusu nyumba za kupanga. Nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu.

Alituambia kwamba Kenya tuna Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayowahusu hasa watu kama sisi, wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba hawezi kumfukuza mpangaji wala kukamata mali yake kwa ajili ya kodi bila idhini ya baraza maalumu linalosikiliza mizozo ya kodi. Kumsumbua mpangaji makusudi ili ahame ni kosa. Akatuambia pia kuhusu Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012: asiye na mkataba wenye muda maalumu, ambaye hulipa kila mwezi, ana upangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja, awe mwenye nyumba au mpangaji, anapaswa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja.

"Na faini?" nikauliza.

"Faini ni makubaliano," akasema. "Kama hamkukubaliana, ni tangazo la mtu mmoja. Na hata mkikubaliana, mahakama huangalia kama inafidia hasara ya kweli au imewekwa tu kumkomoa mtu. Ya kumkomoa mtu haina nguvu."

Mwenzetu mmoja akasema basi tusilipe. Msaidizi wetu akamkatiza hapohapo. Sheria hiyohiyo ya kodi za nyumba, alisema, inamruhusu mwenye nyumba kuomba amri ya kukutoa ikiwa kodi halali haijalipwa. Haki ya mpangaji inasimama juu ya kodi inayolipwa. Kisha akatupa shauri ambalo nalishukuru mpaka leo: kabla ya kufikiria baraza, mwendeeni mwenyewe, mkamuulize kwa nini alichagua tarehe hiyo.

Tulikwenda wapangaji watatu, pamoja na mzee wa kijiji. Mwalimu alitukaribisha chai. Nilitanguliza heshima, kisha nikasema:

"Mwalimu, naomba kuuliza, na si kwa ubishi. Kwa nini tarehe 5?"

Alivua miwani akaifuta kwanza. "Fundi, tarehe 6 sacco inakata mkopo wangu. Mkopo wa kujenga hizi nyumba mnazolala. Akaunti ikikosa pesa, na mimi napigwa faini."

Miaka yote ile nilidhani tarehe 5 ilitoka kwenye ukali wake. Ilitoka kwenye hofu yake. Naye, nilipomweleza kwamba fundi wa sare hana mwisho wa mwezi, alishangaa kweli. Amekula mshahara wa serikali tangu ujana wake. Mwisho wa mwezi kwake ulikuwa kama jua kuchomoza. Alidhani anayechelewa amekula pesa.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa ya hesabu. Mzee wa kijiji aliomba karatasi. Vyumba 14 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 28,000 kwa mwezi, shilingi 336,000 kwa mwaka. Mkopo wa sacco haukuhitaji pesa yote hiyo tarehe 6. Wapangaji wenye mshahara wa mwisho wa mwezi wakilipa kwa wakati, pamoja na nusu ya kodi ya sisi wa biashara, mkopo unatoshelezwa. Kisha Mwalimu akakumbuka jambo jingine. Anayepata zaidi ya shilingi 288,000 za kodi kwa mwaka anailipa serikali ushuru wa mapato ya nyumba kila mwezi, kufikia tarehe 20. Mwezi wa kwanza mwaka huo kiwango kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Kwa shilingi 28,000 hiyo ni shilingi 2,100, zaidi ya kodi ya chumba kizima. Kwa hivyo Mwalimu mwenyewe alikuwa na tarehe mbili: tarehe 6 na tarehe 20. Kumbe hata yeye alihitaji kodi iingie kwa awamu mbili. Tulikuwa tumeketi pande mbili za meza moja tukitafuta kitu kimoja.

Mapatano yetu yaliandikwa kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na nitayaeleza yalivyo kwa faida ya atakayetaka kuyafuata. Kodi ni shilingi 2,000. Mwenye mshahara analipa tarehe 5. Mwenye biashara au kibarua analipa nusu tarehe 5 na nusu tarehe 18. Kila tarehe ina siku tano za kungojewa bila faini, ila anayejua atachelewa lazima atoe habari kabla ya tarehe, kwa simu au kwa mdomo. Zikipita siku tano, faini ni shilingi 200, mara moja tu kwa mwezi, haidhuru mtu amechelewa siku ngapi. Faini haizai faini. Pesa yoyote inayoletwa inalipa kwanza kodi ya zamani zaidi, kisha kodi ya sasa, na faini inakuwa ya mwisho. Anayetaka kulipa miezi ya mbele wakati wa msimu wake anaruhusiwa, na inaandikwa. Kila malipo yana risiti au ujumbe wa M-Pesa unaotaja mwezi na chumba. Hakuna kufuli la pili. Malimbikizo ya kodi yakifika miezi miwili, tunakutana mbele ya mzee wa kijiji kabla ya hatua nyingine yoyote.

Faini za zamani Mwalimu alizifuta zote kwa mstari mmoja wa kalamu. Kodi halisi iliyokuwa imebaki tuliigawa katika vipande vidogo, nikaimaliza.

Mapatano yalijaribiwa mapema. Mwezi wa nne 2024 mafuriko yaliipiga nchi, na ufunguzi wa muhula wa pili ukaahirishwa. Shule zilifunguliwa tarehe 13 mwezi wa tano badala ya mwisho wa mwezi wa nne. Nilikuwa na sare zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimening'inia kibandani, na hakuna mzazi wa kuzichukua. Zamani ningemkwepa Mwalimu. Safari hii nilimpigia simu kabla ya tarehe 5. "Mwalimu, shule hazijafunguliwa, nitakuwa na nusu ya kwanza watoto wakirudi." Akasema, "Sawa Fundi, nimeandika." Shule zilipofunguliwa nililipa nusu ya kwanza na shilingi 200 zake, na tarehe 18 nikalipa ya pili. Kwa utaratibu wa zamani, mwezi ule ungenifuata hadi Krismasi. Kwa huu wa sasa, deni liliishia mwezi uleule.

Mwezi wa kwanza uliofuata, sare zikiwa zimeuzika, nililipa kodi hadi mwezi wa tatu kwa mkupuo mmoja. Sijui nielezeje utulivu wa kushona ukijua nyumba imelipiwa. Mkono unakuwa mwepesi, mshono unanyooka, na mteja akichelewa kulipa humkaripii, kwa maana hakuna anayekukaripia wewe. Jirani yangu wa kibarua cha maembe anafanya vivyo hivyo msimu ukiwa juu. Vyumba vyote sasa vina watu, na Mwalimu anasema sacco haijampiga faini tena. Kalamu nyekundu imebaki ya kusahihishia wajukuu kazi za shule.

Nimejifunza pia kwamba tatizo hili si la ploti yetu peke yake, na kila mahali lina sura yake. Binamu yangu aliye Dar es Salaam hajui faini ya kila siku. Huko wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, na anayeanza maisha anaugonga ukuta huo kabla hajapata ufunguo. Uingereza, kwa upande wa England, sheria ya mwaka 2019 inakataza kumtoza mpangaji riba ya kuchelewa kabla kodi haijapitisha siku 14, na riba yenyewe ina kikomo: asilimia 3 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Nchi yenye mishahara ya mwisho wa mwezi imeona haja ya kuweka mpaka. Sisi wenye mapato ya msimu tunauhitaji zaidi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Naomba wabunge wetu waiweke haki hiyo kwenye hesabu ya faini: kiwango cha juu kinachojulikana, siku za kungojewa, na kanuni kwamba malipo ya mpangaji huenda kwa kodi kwanza.

Lakini kabla sheria haijaja, mengi yako mikononi mwetu.

Kwa wenye nyumba nasema kwa heshima: faini inayokua kila siku haileti kodi. Humfundisha mpangaji kujificha, na aliyejificha halipi. Waulizeni wapangaji wenu pesa yao huingia lini. Waambieni na ninyi yenu hutoka lini, maana mpangaji anayejua kuna mkopo nyuma ya tarehe huiheshimu tarehe hiyo kuliko anayeona tangazo mlangoni. Na mshike daftari safi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari linalochanganya faini na kodi huipoteza mali likiwa limejaa maandishi.

Kwa mpangaji mwenzangu, wa Kalamba, wa Wote, wa Kitui au wa popote: kodi ni haki ya aliyejenga, ilipe. Tunza kila risiti na kila ujumbe wa simu. Soma tangazo la mlangoni, uliulize. Na mwezi utakaoona pesa haitatimia, usingoje tarehe ipite ndipo utafute maneno. Nenda mapema, na ulichonacho mkononi, na siku utakayoleta kilichobaki, na umwombe mwenye nyumba ayaandike yote mawili mbele yako.